Kifaa Kinachobandikwa Mkononi: Tukiogope au Tukitegemee?

Mwezi huu ukurasa wetu unajibu barua moja tu. Kwa kawaida tunajibu tatu au nne, lakini hii ilituingia moyoni, na mkiisha kuisoma mtaona kwa nini tumeipa nafasi yote.

Imeandikwa na mama mmoja wa Mikumi. Mwanawe, mvulana wa miaka 11, ana ugonjwa wa kisukari wa aina ya kwanza, ule ambao mwili umeacha kutengeneza insulini, hivyo mtoto hana budi kuchomwa sindano za insulini kila siku ili aishi. Tangu augue, mama humpima kwa kumtoboa kidole na kuweka tone la damu kwenye kijiti cha kupimia. Mwaka 2024 mama yake mdogo, anayeishi Marekani, aliwatumia kifurushi. Ndani yake mlikuwa na vibandiko viwili vya duara, kila kimoja kikubwa kidogo kuliko sarafu, pamoja na kifaa chenye kioo kinachofanana na simu ndogo. Kibandiko hukaa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko. Ukikisogezea kile chenye kioo, namba ya sukari inatokea hapo hapo, pasipo damu wala maumivu. Nyumba nzima ilifurahi.

Walikibandika alfajiri ya siku waliyosafiri kwenda Kilosa msibani. Mtoto alichomwa insulini yake ya asubuhi kama kawaida, wakapanda gari. Wanaoifahamu barabara ya kutoka Mikumi kupitia Ulaya wanajua kwamba wakati wa mvua chai ya asubuhi huweza kunywewa mchana, na ndivyo ilivyotokea. Walipofika msibani mtoto alikuwa anatoka jasho, ana hasira zisizo na sababu, hataki kuzungumza na mtu. Mama akatoa kifaa chenye kioo, akakisogeza mkononi mwa mtoto. Ilikuwa namba ya kwanza kuiona kwenye kifaa kile: 61.

Hebu jiwekeni mahali pake. Mama huyu amezoea kuona 6, au 9, au 14. Siku mtoto alipolazwa, sukari ilikuwa 22, na wauguzi walikimbizana. Leo ni 61! Akachukua bomba la sindano, akaanza kuvuta insulini nyingi kuliko siku zote. Dada mmoja aliyekuwapo msibani, muuguzi mstaafu, akamshika mkono akamwambia, "Mpime kidole kwanza." Wakapima. Ikasoma 3.4.

"Nguvu ziliniishia, nikakaa chini," anaandika mama huyu. Wakampa mtoto maji ya sukari, akapata nafuu. Lakini waliporudi nyumbani lilizuka jambo la pili. Bibi mzaa baba alikiona kile kibandiko. Alikuwa amesikia kwamba vitu vya namna hiyo ndiyo alama ya mnyama, na kwamba aliyekivaa hujulikana alipo mahali popote duniani. Akasema mtoto asiende kupokea Komunyo na kitu kile mwilini.

Mama anatuuliza maswali matatu. Je, kifaa ni kibovu? Je, bibi ana haki ya kuogopa? Na kibandiko cha pili, akitupe?

Namba 61 haikuwa uongo

Tuanze na lile lililokaribia kuua. Kifaa hakikukosea. Namba 61 na namba 3.4 zilikuwa zinasema kitu kile kile kwa vipimo viwili tofauti, kama vile mtu mmoja apime shamba kwa ekari na mwingine kwa hekta.

Hapa Tanzania, kama huko Uingereza, sukari ya damu hupimwa kwa kipimo kinachoandikwa mmol/L. Marekani hutumia kingine, mg/dL. Kubadilisha namba ya Marekani iwe ya kwetu, igawanye kwa 18. Chukua 61, gawanya kwa 18, unapata karibu 3.4. Kwa hesabu hiyo 54 ya Marekani ni 3.0 ya kwetu, na hiyo ni sukari iliyoshuka vibaya; 72 ni 4.0, mpaka ambao chini yake tunasema sukari imeshuka. 180 ni 10.0, 270 ni 15.0, na 360 ni 20.0. Visomeo vingi hufungwa kipimo kimoja tangu kiwandani, wala huwezi kukibadili nyumbani. Kwa hiyo yeyote anayepokea kifaa kutoka nje, cha kubandika au cha kutoboa kidole, atazame kwanza zile herufi ndogo kando ya namba. Azitazame kabla hajazitazama namba zenyewe.

Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu insulini hushusha sukari. Mtoto mwenye 3.4 akiongezewa insulini anaweza kushikwa na degedege, kupoteza fahamu, hata kufa. Yule muuguzi mstaafu pale msibani hakuwa na habari ya vipimo vya Marekani. Alichofanya ni kutazama jasho la mtoto na kuona kwamba halilingani na sukari ya juu.

Hereni ya ng'ombe

Sasa tuje kwenye kifaa chenyewe. Vifaa vinavyohisi joto, mwanga, sukari au kitu kingine na kutoa habari huitwa vihisi, na hiki ni kihisi cha sukari. Kinachowashangaza watu ni jinsi kinavyosomwa bila waya. Wala hatuhitaji kwenda Marekani kukielewa, kwa maana ndugu zetu wafugaji wa Parakuyo na Twatwatwa, hapo hapo wilayani Kilosa, watakuwa wamesikia habari za hereni za kielektroniki za ng'ombe. Wafugaji wengi nchini walianza kuzisikia mwaka 2021 na 2022, na zikasikika tena katika kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo iliyozinduliwa Bariadi, mkoani Simiyu, mwezi Juni 2025.

Ndani ya hereni ya namna hiyo mna vitu viwili tu: waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, ambao ni antena, na chipu ndogo iliyobeba namba. Betri hamna. Hereni imelala usingizi mchana na usiku. Mtu akija na kisomeo, kisomeo hurusha mawimbi ya redio, ni kama kinabisha hodi. Waya ule hunasa nguvu kidogo kutoka kwenye mawimbi, nguvu hiyo inaiamsha chipu, nayo inajibu kwa redio: mimi ni namba fulani. Kisomeo kikiondolewa, inalala tena. Ujanja wote ni huo, kwamba anayebisha hodi ndiye anayempa mwenye nyumba nguvu ya kuitika. Wataalamu wanauita utambuzi kwa mawimbi ya redio. Kadi za kugusisha ambazo watu wa Dar es Salaam wamezitumia kwenye kivuko cha Kigamboni na Uwanja wa Benjamin Mkapa ni jamaa ya hereni hiyo.

Na jambo hili la kuunganisha namba na afya ya mwili lilianzia kwa ng'ombe kweli. Miaka ya 1970 wanasayansi wa maabara ya Los Alamos huko Marekani walitengeneza kidude cha kuvishwa ng'ombe, kisicho na betri, ambacho kilipobishiwa hodi kilijibu namba ya ng'ombe na joto la mwili wake pamoja, ili mwenye mifugo amjue ng'ombe mwenye homa. Kwa hiyo mtoto wa Mikumi amefuata nyayo za ng'ombe, jambo ambalo wafugaji wetu hawataona aibu nalo.

Tangu hapo ufundi umeingia ndani zaidi. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kihisi kidogo kinachopandikizwa kwenye mshipa mkubwa unaotoka moyoni kwenda mapafuni, kwa wagonjwa ambao moyo wao umechoka. Nacho hakina betri. Mgonjwa hulala nyumbani kwake juu ya mto wenye antena, mto unabisha hodi, na kihisi kinajibu ni kwa nguvu kiasi gani damu inasukuma pale ndani. Daktari huiona namba hiyo na kurekebisha dawa kabla miguu haijavimba. Vipo pia vya kubandikwa kwenye masanduku ya dawa, chanjo au damu, vinavyotunza kumbukumbu ya joto la njiani, ukasoma bila kufungua sanduku. Akina mama wanaopeleka watoto kliniki wameshaona kitu kinachofanya kazi ya jirani na hiyo bila umeme wala redio: kile kidoa cha mraba ndani ya duara kwenye chupa ya chanjo, ambacho hubadilika rangi chanjo ikipata joto mno.

Cha sukari kinafanyaje kazi?

Kihisi cha sukari cha kugusisha kilichojulikana zaidi duniani ni kile kiitwacho FreeStyle Libre cha kampuni ya Abbott, kilichoanza kuuzwa Ulaya mwaka 2014 na kuruhusiwa Marekani mwaka 2017. Katikati ya kibandiko hutokeza uzi laini wa urefu wa milimita 5 hivi, unaoingia chini ya ngozi. Uzi umepakwa kimeng'enya. Sukari ikikutana na kimeng'enya hicho hutokea umeme kidogo sana. Sukari ikiwa nyingi umeme huongezeka. Kifaa kinapima umeme huo na kuugeuza kuwa namba. Tofauti na hereni, ndani yake mna betri ndogo ya kuendeshea upimaji mchana na usiku kwa siku 14. Lakini namba hutoka kwa ile njia ya hodi: kisomeo kisogezwe karibu, sentimeta chache tu, hata juu ya shati.

Kutokana na umbile hilo yanafuata mambo ambayo mama wa Mikumi, na mwingine yeyote atakayepata kifaa hiki, yampasa kuyajua. Mengi yameandikwa katika kijitabu cha ndani ya kisanduku, ila kwa Kiingereza na kwa herufi ambazo hata sisi tulizisoma kwa shida.

La kwanza, uzi hauko ndani ya damu. Uko kwenye majimaji yaliyo kati ya chembe za mwili, na sukari hutoka kwenye damu ndipo iingie kwenye majimaji hayo. Mvua ikinyesha milimani, Mto Mkondoa haujai Kilosa mjini dakika ile ile. Vivyo hivyo kihisi hukaa nyuma ya damu kwa dakika 5 hadi 10, na wakati sukari inapanda au kushuka kwa kasi tofauti huonekana zaidi. Ndiyo sababu, ukishampa mtoto maji ya sukari, kihisi chaweza kuendelea kukutisha ingawa damu yake imeshapata nafuu. Hapo kidole ndicho kinachosema kweli.

La pili, hata siku njema namba yake hutofautiana na ya damu kwa wastani wa karibu sehemu 1 kati ya 10. Mtoto mwenye 8.0 anaweza kusomeka 7.2 au 8.8, na hilo si ubovu. Siku ya kwanza baada ya kubandikwa ndiyo yenye makosa zaidi. Mtoto akilalia mkono ule usiku, uzi hubanwa na kifaa huweza kuonyesha sukari imeshuka wakati haijashuka. Vidonge vya vitamini C vikimezwa kwa wingi, zaidi ya miligramu 500 kwa siku, huweza kukifanya kionyeshe sukari ya juu isiyokuwapo. Machungwa na mapera ya kawaida hayafiki huko, msiwanyime watoto. Na mtoto akipelekwa kupigwa picha za eksirei au nyinginezo za mashine kubwa, waambieni wahudumu mapema kwamba amevaa kihisi.

La tatu ndilo linalosahauliwa zaidi. Kihisi hiki cha kugusisha hakikuiti. Mtoto sukari yake ishuke hadi 2.5 usiku wa manane, nacho kitaiandika ile namba na kunyamaza, kikisubiri hodi. Kumbukumbu yake ni ya saa 8 tu, namba moja kila dakika 15. Inayozidi hapo inafutika. Mtoto akilala saa 3 usiku akaamka saa 12 asubuhi, ni saa 9, na saa moja ya mwanzo wa usiku imepotea. Kwa hiyo ni lazima mtu amguse mara moja katikati ya usiku. Aina zilizotoka baadaye hutumia mawimbi mengine, yale ya Bluetooth, na hupiga kengele sukari ikishuka au kupanda. Cha huyu mama si aina hiyo.

Sasa, mtoto akionyesha dalili na namba haikubaliani nazo, aminini dalili kwanza, kisha toboeni kidole. Dalili za sukari kushuka ni kutetemeka, jasho, njaa kali, kuumwa kichwa, hasira za ghafla, kuongea yasiyoeleweka, usingizi usio wa kawaida. Kama hakuna kijiti cha kupimia karibu, mtendeeni kama mtu ambaye sukari imeshuka. Kwa mtoto wa umri huo mpeni vijiko vidogo 3 vya sukari kwenye maji, au karibu nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari. Subirini dakika 15, pimeni kidole, na kama bado iko chini rudieni. Akitulia ale chakula: ndizi, ugali, kilichopo. Akiwa amepoteza fahamu, msimmiminie kitu mdomoni kwa maana kitamwingia mapafuni. Mlazeni kwa ubavu na mkimbizeni hospitali.

Habari ya bibi

Hatutamcheka bibi. Amemwona mjukuu wake akilazwa, kisha amemwona amebandikwa kitu cha kigeni asichoelezwa na mtu. Angenyamaza, tungeshangaa. Na maneno aliyoyasikia si yake peke yake; wakati wa chanjo za Uviko mwaka 2021 tuliyasikia katika jumuiya nyingi, kwamba ndani ya sindano mna chipu.

Kuhusu Kitabu cha Ufunuo, aliyesomea kukifafanua ni Paroko, na tunamshauri mama aende naye bibi wakamwulize pamoja. Sisi wa ukurasa wa afya tutasema yaliyo ya mwili. Kihisi hiki kinabanduka baada ya siku 14, na mtoto akioga kwa kujisugua vibaya hubanduka kabla. Unaweza kukitoa wakati wowote kwa vidole vyako, kama unavyobandua plasta. Kinachojua ni sukari, na namba yake chenyewe ya kiwandani. Hakijui njia ya kwenda Kilosa wala jina la mtoto.

Je, kinaweza kumfuatilia mtu popote? Hebu turudi kwenye hodi. Kisomeo kikisogezwa nyuma kwa urefu wa mkono tu, hakisikii kitu. Satelaiti iliyo angani mamia ya kilometa itasikiaje? Simu iliyo mfukoni mwa huyo aliyemwambia bibi maneno haya inajulikana ilipo kuliko kihisi hiki, maana simu huongea na minara kutwa nzima.

Na chipu ndani ya sindano ya chanjo? Ni kweli iliwahi kuwapo chipu ya kuingizwa chini ya ngozi ya binadamu. Iliitwa VeriChip, iliruhusiwa Marekani mwaka 2004 ili daktari apate namba ya kumtambua mgonjwa asiyeweza kusema, na kwa kukosa wateja iliachwa kuuzwa mwaka 2010. Ilikuwa kidonge cha kioo chenye urefu wa milimita 12 na unene wa milimita 2, kama punje ya mchele. Sindano nzima inayotumika kuwachanja watoto wetu begani au pajani ina unene wa milimita 0.6, na tundu lake ni dogo zaidi. Punje ya mchele haipiti hapo. Wala haiwezi kufanywa ndogo mno ikabaki na maana, kwa sababu antena yake lazima inase nguvu ya hodi. Ukiipunguza sana haitanasa kitu. Mwenye shaka achukue sindano ya kliniki na punje ya mchele akajionee.

Tulimwandikia mama kwamba dawa ya hofu ya bibi ni kumpa kisomeo akishike mwenyewe. Akigusishe mkononi mwa mjukuu aone namba, kisha akisogeze hatua mbili aone kimya.

Kibandiko cha pili

Asikitupe. Lakini kabla hajakibandika, afanye haya. Atazame tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye kisanduku. Atazame pia kiwango cha joto kilichoandikwa, kwani vihisi vingi vya aina hii havitakiwi kutunzwa penye joto linalopita nyuzi 25 au 28 za Selsiasi, na sote tunajua chumba chenye bati Mikumi mwezi Novemba kinavyokuwa. Kikae sehemu yenye ubaridi na ukavu. Familia nyingi zisizo na jokofu hutunza insulini kwenye chungu cha udongo kilichozungushiwa mchanga wenye maji. Kihisi nacho kinaweza kunufaika na ubaridi huo, ila kifungwe ndani ya mfuko usiopitisha unyevu.

Aandike kwenye karatasi, aibandike nyuma ya kisomeo: GAWANYA KWA 18. Chini yake aandike zile namba tulizozitaja, ili hata mwalimu wa mtoto ajue kwamba 72 ni 4.0. Wanaofikiria kutumia simu badala ya kisomeo wajue kwamba simu nyingi za bei ndogo hazina sehemu ya kugusishia, na programu za vihisi hivi hutolewa kwa nchi fulani fulani, kwa hiyo yawezekana isikubali kabisa. Waulize kabla ndugu aliyeko nje hajatumia fedha zake.

Aende na kifaa na zile namba kwa daktari anayemtibu mtoto, iwe ni Hospitali ya Mtakatifu Kizito hapo Mikumi, Hospitali ya Wilaya ya Kilosa au kwingineko. Kipimo cha insulini kisibadilishwe nyumbani kwa namba ya kihisi peke yake. Siku 14 za namba zinaweza kumwonyesha daktari jambo ambalo vidole havikuonyesha, kwa mfano kwamba sukari hushuka kila siku saa 9 alasiri baada ya mpira. Habari hiyo hubaki na faida hata kibandiko kikiisha. Hapo tunaona thamani kubwa ya kifaa kwa familia ya kipato cha kawaida, kwa sababu kukivaa mwaka mzima ni vibandiko 26, na mkulima wa ufuta au mahindi hataviweza kwa mfuko wake.

Kwa hiyo vijiti vya kupimia na insulini ndivyo vya kukazania. Chama cha Kisukari Tanzania kimekuwa kikishirikiana na hospitali na wafadhili kuendesha kliniki za watoto na vijana wenye kisukari, ambako husaidiwa insulini na vipimo. Mzazi ambaye mtoto wake hajaandikishwa aulize hospitalini ni kliniki gani iliyo karibu. Na yule ambaye mtoto wake ana kiu isiyokoma, anakojoa mno, amerudia kukojoa kitandani na anakonda huku anakula, asitosheke na dawa ya malaria. Aombe apimwe sukari siku hiyo hiyo. Wapo watoto waliopotea wakitibiwa homa.

Mama wa Mikumi ametuandikia tena tukiwa tunakamilisha ukurasa huu. Walikwenda kwa Paroko wote watatu, na mtoto alipokea Komunyo akiwa na kibandiko mkononi. Bibi sasa hukaa na kisomeo chini ya mto wake. Jogoo akiwika saa 10 alfajiri huamka kama alivyozoea maisha yake yote, huenda kitandani kwa mjukuu akamgusisha, na ikiwa namba iko chini ya 72 humwamsha mama. Kibandiko kinaisha wiki ijayo. Ametuuliza wapi atapata vijiti vya kupimia kwa bei nafuu. Msomaji yeyote wa Mikumi, Kidodi au Kilosa anayejua duka la dawa lenye bei nzuri atuandikie kupitia ofisi ya parokia yake.